Siku tulipoigawa shule

Katika daftari la mahudhurio mwalimu humpigia mstari mdogo mtoto aliyekuja, na duara yule ambaye hakuja. Aprili ya 1994, jioni moja baada ya watoto kuondoka, niliketi na madaftari ya madarasa yote saba nikaanza kuhesabu maduara. Nilikuwa mwalimu mkuu wa shule ya msingi iliyo kando ya mmoja wa mito inayoshuka kutoka milimani kuingia Ziwa Nyasa. Nilitaka kujua ni watoto wangapi wametukimbia mwezi ule. Sikumaliza hata daftari la pili. Maduara hayakuwa yametawanyika. Yalishikana kwenye majina yaleyale, siku zilezile, wiki tatu mfululizo, na majina hayo yote yalikuwa ya watoto wa ng'ambo. Watoto wale hawakuwa watoro. Mto ulikuwa umejaa.

Aliyeishi Kyela hahitaji kuelezwa. Songwe, Kiwira, Mbaka na Lufilyo yote inakata bonde letu, na milima ya Rungwe na Livingstone inapomwagiwa mvua, sisi wa chini ndio tunaopokea. Mei inakwisha na bado tunatembea pekupeku. Mpunga unapenda hivyo, na mchele wetu umepata jina nchi nzima kwa sababu hiyo. Lakini mtoto wa darasa la kwanza hana urefu wa mpunga wa Mei, na daraja letu lilikuwa mianzi mitatu iliyofungwa kwa kamba.

Ndipo tulipoanza kusema wazi neno ambalo watu walikuwa wakilisema chini chini: shule igawanywe.

Neno kugawa huku kwetu lina historia ndefu kuliko shule yenyewe, na siwezi kusimulia la 1994 bila kurudi kwa bibi yangu, mama yake baba. Hakuujua mwaka wake wa kuzaliwa. Alihesabu umri wake kwa vita vya Wajerumani na Waingereza. Mimi nikiwa darasa la tatu au la nne, katikati ya miaka ya 1960, alikuwa akinisimulia juu ya *ubusoka*, sherehe ya kuwagawia vijana nchi, huku akipepeta mchele, na ungo haukuwahi kusimama hata alipofika penye uzito.

Zamani, alisema, nchi haikukaa na malafyale, yaani mtemi, mmoja mpaka ikamchoka. Wanawe wakubwa walipofikia umri wa kuongoza, nchi ilitolewa kwa vijana. Tena haikutolewa nzima. Ilikatwa vipande viwili, mrithi wa nyumba hii akashika upande huu, mrithi wa nyumba ile akashika upande ule. Kila mmoja aliondoka na watu wa rika lake, kwa maana vijiji vyetu vilikuwa vya rika. Wavulana wa miaka kumi hivi waliacha nyumba za baba zao, wakajenga vibanda pembeni, wakaendelea kula kwa mama zao kwa zamu, na walipokua vibanda vikawa nyumba na nyumba zikawa kijiji. Siku ya ubusoka vijiji hivyo vilitambuliwa, vikapewa wakuu wao, amafumu, na mipaka ikaonyeshwa.

Kisha likaja jambo ambalo bibi alilirudia kila mara kana kwamba mimi ndiye nitakayeulizwa. Mioto yote ilizimwa. Kila jiko, kila nyumba. Wakapekecha moto mpya kwa vijiti, na kutoka kwenye moto huo kila nyumba ikachukua wake. Hakuna nyumba iliyolala na moto wa zamani, wala hakuna iliyolala gizani.

Miaka mingi baadaye, nikiwa mwalimu, niliazimwa kitabu cha Monica Wilson kiitwacho *Good Company*, kilichotoka 1951. Yeye na mumewe Godfrey walikaa huku kwetu Unyakyusa katika miaka ya 1930, wakisaidiwa na karani Mnyakyusa, Leonard Mwaisumo. Niliyakuta mle mambo ya bibi: vijiji vya rika, nchi kukatwa mara mbili, moto kuzimwa na kuwashwa. Nilifurahi kama mtu aliyemkuta ndugu yake ugenini. Mzungu alikuwa ameyaandika kama mila ya watu. Mimi niliyasoma kama utaratibu wa serikali, kwa sababu ndivyo yalivyokuwa. Kila kizazi nchi ilijigawa, na mgawo ulikuwa na siku yake, mashahidi wake na mipaka yake.

Kilichofuata ni migawo ya watu wengine. Mkataba wa Uingereza na Ujerumani wa 1890 uliufanya mto Songwe kuwa mpaka wa maeneo yao, na ndugu wa ukoo mmoja wakajikuta nusu upande wa Karonga, nusu upande huu. Mwaka 1891 wamisionari wa Berlin walifika chini ya uongozi wa Alexander Merensky, na Wamoravian nao wakafika, Theodor Meyer akiwa miongoni mwao, wakagawana kazi: Waberlin mashariki, kuelekea Ikombe na Matema, Wamoravian magharibi, nao wakafungua kituo cha Ipyana bondeni mwaka 1894. Ndiyo sababu mpaka leo ukitembea kutoka upande mmoja wa wilaya kwenda wa pili unaweza kuisikia Jumapili ikibadilika. Shule zilifuata makanisa. Mtoto alisoma kwa dhehebu la upande aliozaliwa, na mstari uliochorwa na wageni mezani ukaamua nani ajifunze kusoma kwa kitabu gani. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza Wajerumani waliondolewa, na kwa miaka kadhaa Waskoti wa Livingstonia, kutoka ng'ambo ya Songwe, wakaziangalia shule hizo zote.

Ubusoka ulikwama wakati wa Waingereza. Mwaka 1926 walianzisha mamlaka za wenyeji, malafyale akaandikwa kwenye daftari na kulipwa mshahara kutoka hazina ya wenyeji. Mtu anayelipwa mshahara kwa jina la nchi fulani hawezi kuikata nchi hiyo mara mbili bila hazina kumuuliza mshahara wa wa pili utatoka wapi. Nchi zikaganda mahali zilipokuwa. Uhuru ulipokuja, sheria ya 1963 ikaufuta utemi wenyewe.

Mimi nilianza darasa la kwanza 1964 katika shule ya misheni, nikaimaliza ikiwa ya serikali, maana sheria ya 1969 ilizitwaa shule za mashirika ya dini. Wakati huo sisi wa bondeni tulikuwa sehemu ya Wilaya ya Rungwe. Walimu wetu walipanda Tukuyu, makao ya wilaya, kwa kila jambo: mshahara, chaki, uhamisho, hata kulalamika. Nakumbuka mwalimu wetu wa hesabu alikuwa na sweta moja la kijivu lililotundikwa ofisini. Hatukumwona akilivaa, kwa joto letu hili. Lilikuwa sweta la Tukuyu. Likikosekana msumarini, tulijua leo hakuna hesabu, na pengine kesho pia.

Miaka ya 1970 Kyela ikatengwa na Rungwe ikawa wilaya. Ulikuwa wakati wa madaraka mikoani, baada ya sheria ya 1972 iliyozivunja halmashauri za zamani na kuwaweka watumishi wa serikali kuu karibu na wananchi. Watu hubishana kama mpango ule ulifaa, na kwa mengine naungana na wanaoulaumu, kwa kuwa ulimnyima mwananchi diwani wake kwa zaidi ya miaka 10. Lakini sitakubali mtu aniambie kwamba kutengwa kwa Kyela hakukuwa na maana. Nilipoajiriwa 1977, mwaka wa Elimu kwa Wote, watoto wenye ndevu wakiandikishwa darasa la kwanza pamoja na wa miaka saba, ofisi ya elimu ilikuwa bondeni. Niliweza kwenda asubuhi na kurudi jioni. Sikuhitaji sweta.

Rungwe ya zamani imezaa Kyela na Ileje, na baadaye halmashauri ya Busokelo. Mwaka 2016 Ileje ikahamia mkoa mpya wa Songwe. Ni uzao mkubwa kwa mama mmoja.

Wapo wenzangu waliosoma Marekani ambao hueleza kwamba kule eneo la shule mara nyingi ni mamlaka yenyewe, lina bodi yake ya kuchaguliwa na kodi yake, na mpaka wake peke yake. Kwetu shule haina mpaka wake peke yake. Mpaka wa shule ni wa kijiji na wa kata. Katiba, ibara ya 2, inampa Rais mamlaka ya kuigawa nchi katika mikoa, wilaya na maeneo mengine kwa utaratibu wa sheria. Halmashauri na vijiji vinaongozwa na Sheria Namba 7 ya 1982, iliyorudisha serikali za mitaa, na shule zenyewe zinaongozwa na Sheria ya Elimu Namba 25 ya 1978, ambayo haitambui shule isiyosajiliwa. Kwa hiyo anayetaka kuigawa shule hushika milango miwili kwa pamoja. Ule wa kijiji hufunguka kwa muhtasari wa mkutano, ukapita kata, baraza la madiwani, mkoa, mpaka kwa Msajili wa Vijiji. Ule wa shule hufunguka kwa madarasa, vyoo, ofisi na nyumba za walimu vilivyokwisha kujengwa. Mlango wa kwanza unataka karatasi, wa pili unataka matofali. Karatasi hutangulia siku zote.

Narudi sasa kwenye maduara yangu. Nilinakili hesabu kwenye karatasi ya mistari: jina, idadi ya siku, upande wa mto. Mkutano mkuu wa kijiji ulipokaa chini ya mwembe wa shule, nilisimama nikasoma majina tu. Sikutoa hotuba. Kila jina lilipotajwa, mzazi wake aliitikia kutoka kwenye umati. Nilipofika la arobaini na moja mwenyekiti akasema, "Mwalimu, inatosha. Tumesikia."

Walikubali kijiji kigawanyike na ng'ambo wawe na shule yao. Ugumu ukaanza hapo.

Tulikuwa na shamba la shule, la tangu siku za Elimu ya Kujitegemea, eka tatu za mpunga. Lilikuwa ng'ambo. Upande wetu tulikuwa na mikakao iliyopandwa na wanafunzi, na mikakao ile ndiyo kwanza ilianza kuzaa. Wa ng'ambo wakasema shamba liko kwao, basi ni lao. Wa kwetu wakasema mpunga wenyewe umepandwa na watoto wa pande zote mbili. Tulikaa vikao vitatu. Katika cha tatu mzee mmoja wa ng'ambo, ambaye alikuwa hajafungua kinywa, alisimama akasema kwamba ubusoka haukuwahi kugawa mpunga uliokwisha kuota. Ardhi ilipata mwenyewe siku ileile, lakini kilichokuwa kimepandwa kilivunwa kwanza na waliokipanda. Wazee wakanyamaza. Sijui kama hivyo ndivyo ilivyokuwa hasa katika siku za mababu. Najua kwamba hakuna aliyembishia. Tulivuna pamoja, tukapima kwa debe, nusu kwa nusu, na msimu uliofuata shamba likawa lao na mikakao ikawa yetu.

Madawati tuliyagawa kwa kuhesabu watoto. Vitabu havikutosha hata kabla ya kugawa, kwa hiyo vile vya darasa la kwanza mpaka la tatu vilivuka vyote, na mimi nikafundisha msimu mzima kwa kuandika somo ubaoni. Kengele yetu ilikuwa rimu ya lori iliyotundikwa kwenye mwembe. Waliiomba nayo. Nilikataa, na ndilo jambo pekee nililolikatalia. Wiki mbili baadaye nilisikia kutoka ng'ambo mlio mwembamba, wa juu kuliko wetu. Walikuwa wamepata kipande cha bomba la chuma. Kuanzia siku hiyo asubuhi ilipigwa mara mbili, na kila upande ukadai kwamba mwingine unachelewa.

Kazi niliyoifanya peke yangu, usiku, kwa taa ya chemli, ilikuwa kuhamisha majina. Unafungua daftari la uandikishaji, unakuta mtoto namba fulani, jina la baba, kijiji, tarehe ya kuingia. Pembeni unaandika: amehamia. Kisha kwenye daftari jipya unaanza na namba 1. Nilihamisha 63. Mikono ya walimu walionitangulia ilikuwa mle, mwandiko wa mshazari wa yule wa misheni, herufi kubwa kubwa za mwingine ambaye nadhani macho yalikuwa yameanza kumchoka. Kila nilipoandika "amehamia" niliona kama nafunga mlango taratibu ili nisimwamshe mtu.

Asubuhi yake mtoto wa darasa la pili, ambaye dada yake alikuwa la sita, alinijia ofisini. Aliniamkia vizuri, akauliza, "Mwalimu, sasa mimi na dada hatusomi shule moja?" Nikamwambia dada ataendelea kuvuka kwa sababu ng'ambo hakuna darasa la sita, lakini yeye havuki tena. Akafikiri. Akasema, "Basi atakuwa ananisimulia."

Shule ile haikusajiliwa mwaka huo, wala uliofuata. Ilikuwa na vyumba viwili vya matofali ya kuchoma na paa la nyasi, na choo kilibomoka kila masika. Kwa lugha ya ofisi ni shule shikizi, yaani imeshikiziwa kwenye shule mama. Watoto wake walihesabiwa kwangu. Ruzuku ya Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi (MMEM) ilipoanza 2002, baada ya serikali kufuta ada ya shule za msingi, fedha za shule mbili ziliingia kwenye akaunti moja, na mimi na mwalimu wa ng'ambo tulizigawa kwa idadi ya vichwa, kwa maandishi, mbele ya kamati ya shule. Nasisitiza kwa maandishi kwa sababu ninajua mahali ambapo haikufanyika hivyo, na watoto wa ng'ambo wakakaa bila chaki.

Hapa ndipo ninapotofautiana na wanaosema kugawa maeneo ni tamaa ya vyeo. Tamaa ipo, nimeiona, na kila kata mpya huja na diwani mpya. Kata za Kyela zimeongezeka zaidi ya maradufu tangu mwanzo wa miaka ya 2000, leo ziko 33. Lakini aliyeomba shule igawanywe kwa sababu ya mto hakuomba cheo. Kosa letu liko kwenye mpangilio wa kazi. Tunatangaza mpaka leo na kupeleka jengo mwaka wa kesho kutwa. Katika siku za bibi moto uligawanywa siku ileile ya mgawo.

Niliona hilo kwa uchungu zaidi kwenye sekondari za kata. Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari (MMES) na msukumo wa mwaka 2006 ulitaka kila kata iwe na sekondari yake. Sisi tulifyatua matofali kata nzima, vijiji vyote, wanawake wakibeba maji kutoka mtoni na wanaume wakichoma tanuri. Shule ikasimama. Halafu kata ikagawanywa. Sekondari ikabaki upande mmoja, na upande wa pili, watu walewale waliokuwa wametoa matofali, wakaambiwa nao ni kata sasa, wajenge ya kwao. Mama mmoja niliyekuwa namfundishia wanawe watatu alinionyesha viganja vyake. Hakulia. Aliuliza tu kama sheria inajua kuhesabu matofali.

Nilimjibu kwamba haijui, na bado naona aibu kwa jibu lile, kwa sababu inaweza kufundishwa. Haishindikani kuweka kwenye utaratibu kwamba kata haigawanywi mpaka ieleweke nani atalipa darasa la upande wa pili, au kwamba sekondari iliyojengwa na wote iendelee kuwahudumia wote mpaka ya pili iwe na paa. Miaka ya karibuni serikali imekuwa ikieleza kwamba haitaanzisha maeneo mapya kabla ya kukamilisha miundombinu ya yaliyokwisha kuanzishwa. Nalipokea neno hilo kwa moyo mmoja. Mwaka 2021, katika fedha za kukabiliana na UVIKO-19, vilipangwa vyumba 15,000 vya madarasa nchini, na 3,000 kati ya hivyo vilikuwa vya vituo shikizi. Kwa mara ya kwanza nilisikia neno shikizi likisomwa kwenye taarifa ya habari. Nilipandisha sauti ya redio.

Shule ya ng'ambo ina usajili wake sasa, ina madarasa yote saba na paa la bati. Mimi nimestaafu tangu 2016. Aprili iliyopita nilivuka kwenda kuwaamkia, kwa daraja la zege, na mvua ilikuwa haijakatika siku nne. Mwalimu mkuu, kijana wa Ipinda, alinikaribisha ofisini, akanipa kiti chake, "Ndaga, mama, kaa hapa." Nikamwomba daftari la mahudhurio la darasa la kwanza. Alishangaa kidogo, akanipa.

Mistari ilikuwa mingi, imepangana vizuri. Nikakuta maduara kwenye majina matano, siku zilezile, mfululizo. Nikamuuliza watoto hawa wanatoka wapi. Akanyoosha mkono kuelekea ziwani, ambako mto umejichimbia mkondo mpya miaka ya karibuni na nyumba zimebaki upande wa pili wake. Nikauliza wazazi wao wanasemaje. Akaniongoza nje mpaka ukingoni, akanionyesha. Ng'ambo ya mkondo, juu ya kichuguu kisichofikiwa na maji, palikuwa na matofali mabichi yamepangwa na kufunikwa kwa majani ya migomba, yakisubiri jua.